Siku Niliyomwita Rita Chooni

Kuna aibu mtu anaweza kuificha akafa nayo, lakini hii yangu imeshatembea Kabeza nzima, ikashuka mpaka Biryogo kwa shangazi zangu, na wiki iliyopita muuza vifungo nisiyemjua hata jina ameniuliza kama bado naongea na vyoo, kwa hiyo jamani nimeona bora niisimulie mwenyewe kuliko kuisikia kwa watu ikiwa imetiwa chumvi. Ndiyo, nilimwita mtu chooni. Nilimwita kwa sauti, mchana kweupe, na mwenyewe alikuwa ameshafariki miaka miwili.

Naitwa Zaina, mshonaji, mzaliwa wa Biryogo, na kwa upande wa babu yangu sisi ni watu waliotoka pwani na mizigo ya vitambaa wakafika Kigali wakachoka kurudi. Nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa kitu cha heshima (bibi yangu akisikia mtoto anasema anataka "kura wari", sahani inarudi jikoni mpaka mtoto aseme vizuri), na nayataja haya mapema ili mjue kwamba katika mkasa huu sina kisingizio hata kimoja.

Nimepanga vyumba viwili vya mbele kwa Mama Rita, Kabeza, si mbali na barabara ya uwanja wa ndege. Yeye anaishi nyuma, na katikati kuna korido na choo kimoja tunachotumia wote. Mama Rita ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, mwenye magoti mabovu na maneno machache. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Rita, ambaye alikuwa akiuza vifaa vya bafu katika duka moja la ujenzi huko mjini, na ni Rita aliyemletea mama yake kile choo, kile cha maji kidogo chenye vitufe viwili juu, kidogo na kikubwa, kwa sababu kwetu maji ya bomba yana siku zake za kuja, na siku zisizo zake unategemea tangi la uani, na tangi likiisha unashika jerikani unateremka mpaka bomba la chini. "Mama, sitaki nikuone tena na jerikani," ndivyo alivyosema, majirani wote wanakumbuka, na kweli tangi lilianza kufika mpaka siku ya maji likiwa bado na kitu ndani.

Halafu Rita akaugua, miezi mitatu, akafa. Nilikuwa nimeshahamia pale, nilimshonea mwenyewe nguo ya mwisho. Tangu siku ya mazishi mama yake hakulitamka tena jina la mtoto wake, na fikirieni jinsi lilivyo jambo gumu hilo kwa mwanamke ambaye kila muuza nyanya anamwita Mama Rita mara kumi kwa siku. Alikuwa anaitika tu, bila kuinua uso.

Sasa mkasa wenyewe ulianza na mkasi. (Shangazi yangu mmoja amecheka neno hilo wiki mbili, basi na nyinyi chekeni, tuendelee.)

Ndani ya tangi la choo, chini kabisa, kuna kizibo cha mpira. Ukibonyeza kitufe kinanyanyuka, maji yanashuka, halafu kinarudi kuziba tundu. Kwenye vile vyoo vya maji kidogo kizibo kimepimwa kirudi upesi, kabla tangi halijajimwaga lote, na huo ndio ujanja wake wote. Kizibo chetu kilikuwa kimezeeka, kimeanza kupasuka ukingoni. Fundi wetu wa mabomba, Damaseni, alinipa maagizo yaliyonyooka: "Zaina, beba ile ya zamani uende nayo, ununue ya choo ile ile. Usiniretee ile ya kuingia kote."

Duka la choo kile kile liko juu huko, unapita Kiyovu, na siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha na mimi nilikuwa Biryogo kutafuta lesi ya mishanana sita, yale mavazi ya Kinyarwanda ya kufunga begani, ya harusi ya Jumamosi. Mbele yangu kulikuwa na kibanda kimetundika mipira kila namna. Nikamuuliza yule kijana kama ana kizibo cha choo. "Iko, mama. Hii inaingia kote." Nikasikia zile sauti mbili kichwani, ya Damaseni na ya mvua, nikachagua mvua.

Nilipofika nyumbani kizibo kikakataa kukaa, kilikuwa kimezidi pembeni. Mtu mwenye akili angerudi dukani. Mimi nimekata kola za maimamu, nimekata suti za mabwana harusi, nitashindwa na mpira wa choo? Nikachukua mkasi uliokuwa karibu, ule wa meno tunaokatia ncha za kitambaa zisichomoke nyuzi, nikaupunguza mpira kwa kuuzungusha taratibu, nikauweka, nikabonyeza, maji yakashuka, yakajaa, yakanyamaza. Mama Rita akaja kusimama mlangoni.

"Iko ile yenyewe?" akauliza.

"Ndiyo yenyewe," nikasema. "Ya choo hiki hiki." Uongo mdogo, wa kumaliza mazungumzo.

Siku ya tatu niliamka alfajiri kwa ajili ya sala, nikiwa koridoni na kopo langu la udhu, nikasikia choo kinajaza maji, maana yake kuna mtu ametoka kukitumia. Nikasimama nimsubiri Mama Rita atoke. Nikasubiri. Maji yakajaa, ule mluzi mwembamba wa mwisho ukapanda, ukakatika. Hakutoka mtu. Nikasukuma mlango, ukafunguka wenyewe mpaka ukutani, ndani mtupu, na juu ya maji ya bakuli kulikuwa na viduara vidogo vinavyotanuka, kama mtu aliyegusa kwa kidole akaondoa. Nikaenda hadi chumba cha nyuma. Mama Rita alikuwa amelala, rozari imemzunguka mkononi, anakoroma.

Nikasema audhu billahi, nikaenda kusali, na niwaambie ukweli, sala ile sikumbuki niliisali vipi.

Kuanzia hapo ikawa kila siku. Mchana ndio ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mchana nyumba ile ni kimya, Mama Rita amelala kidogo kupumzisha magoti, mimi niko kwenye cherehani, na ninaposimamisha mguu kukata uzi, ndipo naisikia. Inaanza kwa pumzi, mtu anavuta pumzi kwa meno yaliyofungana. Kisha maji, machache, hayafiki hata nusu dakika. Kisha ule mluzi, halafu kimya kizito kuliko cha mwanzo. Nikaanza kuihesabu bila kutaka: nikishona pindo la suruali miguu yote miwili, inakuja. Nikishona mikono miwili ya kanzu, inakuja. Ikichelewa ndipo naogopa zaidi, naacha kazi, nasikiliza, mpaka ije.

Siku moja tulikutana koridoni, yeye anatoka nyuma, mimi natoka mbele, na ile pumzi ikavutwa katikati yetu, nyuma ya mlango.

"Iko nani mule ndani?" Mama Rita akaniuliza.

"Nilidhani ni wewe."

Tukatazamana. Akafungua mlango yeye. Hakuna mtu. Kitaulo kimetundikwa mahali pake, sabuni kavu. Mama Rita akaufunga mlango polepole, akaenda uani, akagonga tangi kubwa kwa vidole, na likalia utupu karibu mpaka chini. Siku ya maji ilikuwa bado mbali. "Nani anakunywa maji yetu?" akasema, si kwangu, kwa tangi.

Najua mnachotaka kuniuliza. Je, hata mara moja hukuufikiria ule mpira? Wallahi hata mara moja. Mtu akishasema uongo, wa kwanza kuuamini huwa yeye mwenyewe, na kichwani mwangu mle ndani kulikuwa na kizibo chenyewe, cha choo kile kile, kwa hiyo kosa lingekuwaje la kizibo?

Nikampigia Damaseni. Alikuwa kazini katika nyumba moja kubwa Kiyovu, mashine ya kutoboa ukuta inanguruma nyuma yake, namsikia kwa vipande.

"Ongea haraka dada, niko juu ya ngazi."

"Choo kinajivuta chenyewe! Hakuna mtu ndani, na kinajivuta!"

Akacheka. "Ee, hiyo naijua. Rita iko inatoka."

Nikaibana simu sikioni. "Nani?"

"Rita! Iko inatoka kidogo kidogo, mchana na usiku, wewe huwezi kuiona. Watu mingi hapa Kigali iko nayo kwa nyumba na hawajui."

(Na kabla hamjanicheka kwa ile "inatoka", mnajua Kiswahili cha hapa kwetu, sufuria iko, mtu iko, hata Mungu mwenyewe iko, nani atatofautisha.)

"Sasa... sasa nifanye nini?"

"Ukitaka kuiona, weka rangi ndani ya tangi ya choo. Usivute maji. Kaa tu, ungojee. Utaiona inashuka yenyewe." Mashine ikanguruma, nikapoteza maneno, kisha sauti yake ikarudi karibu sana na sikio. "Lakini usiiache, Zaina. Rita ikizoea kutoka, itawamaliza..." Simu ikakatika.

Nikafanya nilivyoambiwa, kwa sababu kutoona niliona ni kubaya kuliko kuona. Nilikuwa na unga wa rangi uliobaki nilipoitia lesi ya harusi, na rangi yenyewe, jamani, ilikuwa nyekundu. Nikainua kifuniko cha tangi, nikamimina, nikafunga, nikageuza beseni nikakaa juu yake mbele ya bakuli jeupe. Ndege ilipita juu ikitua, kioo kikatetemeka ukutani, ikaenda zake. Maji ya bakuli yakatulia kabisa, naona uso wangu ndani. Nikasoma Ayatul Kursiyu. Nikaisoma tena.

Ndipo kitu kikashuka. Uzi mmoja mwekundu, mwembamba, kutoka chini ya ukingo, unateremka kwenye ule weupe bila haraka, ukafika kwenye maji, ukajikunja, ukaanza kufunguka taratibu juu ya uso wangu. Na tangi likavuta pumzi.

"Rita!" nikapiga ukelele. "Rita! Rita yuko ndani!"

Mama Rita akaja na mwiko wa maharage mkononi. Akaniona chini, nimeegemea ukuta, akaona bakuli. Na hapo ndipo ningeweza kunyamaza, kusema nimeota, kusema ni rangi yangu ya nguo imemwagika, na yote yangekwisha. Badala yake nikamwambia kila kitu, nikimkamata kanga yake: kwamba Rita anatoka, mchana na usiku, kwamba haonekani ila kwa rangi, kwamba si mimi nisemaye, hata Damaseni anajua.

Nilitegemea apige kelele, anifukuze, aite padri. Aliweka mwiko chini. Akalishika lile tangi kwa viganja viwili, akasema kwa sauti niliyokuwa sijaisikia miaka miwili, "Rita."

Tangi lilikuwa linamaliza kujaa. Ule mluzi ukapanda, ukasema kitu kirefu, ukakatika. Kwetu mtoto akiitwa na mzazi wake huitika "karame", ndiyo adabu. Mama Rita akanigeukia, machozi yamemjaa lakini uso unang'aa.

"Umesikia? Ameitika."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema nimesikia.

Siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka, ndiyo maana nazisimulia upesi. Mama Rita akaleta kigoda chake koridoni, akakiweka mlangoni mwa choo, akahamia pale. Akamhadithia Rita bei ya maharage, binamu aliyeolewa, mbuzi wa jirani aliyekula kadi za harusi. Anaongea, anasubiri, ile pumzi inakuja, anatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Choo nikakatazwa kukitumia, nikawa naomba kwa jirani. Alianza kula vizuri. Alivaa kitenge kipya. Majirani wakasema Mama Rita amepata nini, na mimi nakanyaga cherehani yangu mbio mbio ili nisisikie.

Alasiri moja nilisikia. Nilikuwa nimesimamisha mashine kubadilisha uzi, na yeye hakujua. Alikuwa akisema kwa Kinyarwanda, taratibu, kwamba amsamehe kwa siku ile ya mwisho hospitali, kwamba alitoka kidogo tu kwenda nyumbani kuoga, kwamba magoti ndiyo yalimchelewesha ngazini, kwamba kama angejua asingeoga mwaka mzima. Akanyamaza akingoja jibu. Nami upande wangu wa ukuta nikangoja naye, nikiwa na sindano mdomoni, na lilipokuja, ile pumzi, yale maji, ule mluzi, alilia akasema asante, asante mwanangu. Nikajiinamia juu ya meza nikalia pia, na hofu yangu ikabadilika pale pale. Mpaka saa ile nilikuwa namuogopa marehemu. Kuanzia pale nilimuogopea aliye hai.

Kwa sababu tangi la uani lilikuwa limekauka, na tangi likikauka Rita hanyamazi tu, anakuwa hayupo. Mama Rita akachukua jerikani. Mwanamke yule, na magoti yale, akaanza kuteremka mpaka bomba la chini asubuhi na jioni na kupanda na jerikani ya njano kichwani ili mtoto wake apate sauti. Nilimnyang'anya, nikabeba mimi, nikipumzika tu namkuta ameshashuka tena. Siku ya Alhamisi alianguka kwenye ngazi za mlimani, akapasuka goti, akafika nyumbani anachechemea, maji yote yamemwagika, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama Rita ameongea. Nikampigia Damaseni, nikamwambia njoo, kwa jina la Mungu njoo. Akasema Jumapili baada ya misa, mapema hawezi.

Jumapili hiyo hiyo wanawake wa jumuiya yake ya sala walikuwa na zamu ya kusali kwake. Walikuja kama kumi na wawili, wakiongozwa na Mama Klodeti, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye akisema amina hata jirani asiyesali anaitika. Mama Rita alivaa mushanana mweupe, goti limefungwa kitambaa, akasimama sebuleni akasema hakuwaita wasali tu, amewaita wamsalimie Rita. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mama Klodeti akanitazama mimi, nimekaa pembeni na kanga yangu kichwani na utepe wa kupimia bado shingoni.

"Zaina, wewe ni Muislamu, uongo kwenu ni dhambi kama kwetu. Ni kweli haya?"

Mama Rita alikuwa ananitazama. Mngemjibuje? Nikasimama mbele ya rozari kumi na mbili nikasema, "Wallahi, nimemuona kwa macho yangu."

Tukajipanga koridoni, bega kwa bega, mlango wa choo uko wazi, taa imezimwa kwa sababu Mama Rita alisema mwanga unamsumbua. Wanawake wakaanza Salamu Maria kwa sauti ya chini. Nilisikia joto la miili yao, harufu ya mafuta ya nywele, na mkono wa mtu nyuma yangu umeshika kanga yangu kwa nguvu. Walipomaliza Mama Rita akaita, polepole, "Rita."

Kimya. Akaita tena. Na kutoka kwenye giza lile, mtu akavuta pumzi kwa meno.

Nyuma yangu mmoja alianza kutetemeka kiasi kwamba shanga za rozari yake zikawa zinagongana. Mwingine alilia, "Mungu wangu, mtoto wa watu." Maji yakapita. Mluzi ukapanda, mrefu kuliko siku zote (tangi la uani lilikuwa linakwisha tena), ukawa kama unaomba kitu, na hata Mama Klodeti akapiga magoti pale pale kwenye saruji. Mimi nilikuwa naamini, jamani. Niliamini kuliko wote.

"Mwiriwe," sauti ya mwanamume ikasalimu kutoka mlangoni. "Mbona mmejipanga kwa choo? Mko na tumbo wote?"

Damaseni, na begi lake la spana. Alipita katikati yetu akiomba radhi kwa mabega, akawasha taa, akainua kifuniko cha tangi akakiweka chini, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Hakuna aliyewahi kumzuia. Akatoa ule mpira, mweusi, unadondosha maji yaliyobaki na wekundu wa rangi yangu, akaunyanyua kwenye taa, na pembeni pote, kuzunguka, yakaonekana meno. Meno madogo, sawasawa, mazuri, ya mkasi wa mshonaji.

"Nani alikata hii kama shati?"

Macho ishirini na kitu yakaja kwenye utepe uliokuwa shingoni mwangu.

"Nilikuambia kwa simu, Zaina! Nilisema rita iko inatoka. Maji inapita kwa hii meno kidogo kidogo, tangi inapungua, inajijaza, inapungua, inajijaza. Rita mingi sana kila siku. Itawamalizia maji, nilisema."

"Rita nani?" Mama Klodeti akauliza, bado amepiga magoti.

Damaseni akamtazama kama mtu anayeulizwa jua ni nini. Akaiona jerikani ya njano pale ukutani, akaipiga teke taratibu. "Rita, mama. Ya maji. Hii jerikani iko ya rita makumi mbili."

Mama mmoja mwembamba, nyuma kabisa, akatoa sauti ya pua, na hiyo ikatosha. Walicheka mpaka wakashikana, walicheka wakilia, Mama Klodeti alikaa chini kwenye saruji akajipiga mapaja akisema "lita! lita!" kwa ule ulimi ambao pengine ulikuwa haujawahi kuitamka sawa maishani mwake, na mimi niliyenyimwa sahani utotoni kwa herufi hiyo hiyo, mimi niliyeapa, nikacheka nao, kwa sababu aibu ikizidi haina pa kutokea.

Nilipofuta macho nikamuona Mama Rita. Alikuwa ameushika ule mpira. Anauzungusha mkononi, anapitisha kidole kwenye meno, jino kwa jino.

"Uliniambia iko ile yenyewe," akasema.

Kicheko kikafa kutoka mbele kwenda nyuma. Akamrudishia Damaseni mpira, akajifunga mushanana wake vizuri, akasimama pale pale wakati fundi anatoa begini kizibo kipya, cha choo kile kile, akikiingiza bila kukata kitu, kikikaa kwa mlio mdogo. Damaseni akabonyeza kitufe kidogo. Maji yakashuka machache, yakajaa upesi, yakakoma.

Tukasikiliza. Wanawake kumi na wawili, fundi, mimi na yeye, tumesimama koridoni tunasikiliza choo, na hakukuwa na kitu. Sijawahi kusikia nyumba ikinyamaza namna ile. Muda wa pindo la suruali ukapita. Muda wa mikono miwili ya kanzu. Mama Rita alikuwa bado ameinamisha sikio, na midomo yake ikasema jina bila sauti, na hakuitikiwa, na ndipo wanawake wakamdaka akienda chini, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Walikaa naye mpaka jua likazama. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi, hakuna aliyenikaribisha ndani, na walikuwa na haki.

Hakunisemesha mwezi mzima. Tangi likarudi kufika siku ya maji, jerikani ikapata vumbi, goti lake likapona, na mimi nikaweka nadhiri zangu zote: sitanunua tena kitu cha kuingia kote, sitakata kwa mkasi nisichokishona, sitaapa kwa nilichokiona nikiwa na hofu, na sitamwambia tena mama yule neno lisilo la kweli. Nadhiri tatu za kwanza nazishika mpaka leo.

Alasiri moja alikuja akasimama karibu na cherehani yangu, akawa anatazama kitambaa nilichokuwa nashona, akakisifu rangi. Kisha, akiwa bado ametazama kitambaa, akaniuliza ule mpira wenye meno niliuweka wapi, na kama naweza kumrudishia tena mle ndani, siku moja tu, hata nusu siku, maji atateka mwenyewe.

Damaseni alikuwa ameniachia pale kwenye ngazi akiondoka, na sasa ulikuwa kwenye kopo la vifungo, kando ya mkono wangu, umefunikwa na kifuniko. Nikamtazama machoni nikamwambia niliutupa siku ile ile, na huo ndio uongo wangu wa pili kwake kuhusu mpira ule, na huu sijautubia.